Utando wa Buibui kwenye Saksafoni ya Baba Mdogo

Harufu ile ilinikuta Ilala, mchana, nikiwa napita tu. Ni harufu ya shaba iliyoshikwa na mikono mingi, ya mahameli iliyolala gizani, na ya mate yaliyokauka zamani. Haifanani na harufu nyingine yoyote. Fundi mmoja wa ala za muziki alikuwa amefungua sanduku refu jeusi juu ya meza kibarazani, na kabla sijaona kilichomo, nilikuwa nimekwisha kujua. Nilisimama ghafla. Waliokuwa nyuma yangu wakanipita wakinung'unika.

Mara ya kwanza kuinusa nilikuwa darasa la tatu, nikiishi na bibi huko Ngumbo. Wazazi wangu walikuwa juu Mbinga kwenye kahawa, nami nililelewa ziwani, kwenye usipa, dagaa wa kwetu, na mihogo. Siku hiyo lori lilisimama, akashuka baba mdogo Meinradi, mdogo wake baba, ambaye nilikuwa nikimjua kwa picha tu. Katika picha ile alivaa suruali pana chini na shati la maua, amesimama na wenzake wawili waliokatwa kichwa na ukingo wa picha. Aliyeshuka kwenye lori alikuwa mwembamba kuliko huyo wa kwenye picha. Mkono mmoja alishika begi, mwingine sanduku jeusi.

"Shikamoo baba mdogo," nikasema.

"Marahaba, mama." Aliniita mama tangu siku hiyo, kwa sababu nilipewa jina la bibi, Genofeva, ambaye ndiye mama yake.

Ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa redio ilikuwa nini. Kwetu ilikuwa moja, dukani, na kipindi cha salamu kilipoanza tulikaa chini ya dirisha lake. Mtu wa Kigoma anamsalimu shemeji yake wa Mtwara, halafu linapigwa dansi kutoka Dar es Salaam. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao watu wa kwetu waliuomba kila wiki, kwa sababu mwimbaji akimaliza kulalamika kuhusu mapenzi, hapo katikati, zilikuwa zinaingia tarumbeta mbili na saksafoni moja, kwa pamoja, kama milango mitatu inayofunguliwa na upepo mmoja. Kila mtu pale dukani alijua kwamba ile saksafoni ni pumzi ya Meinradi wa Ngumbo. Mwenye duka aliongeza sauti bila kuombwa.

Kwa hiyo aliporudi tulisubiri apulize. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Sanduku lilikaa chini ya kitanda. Jumapili baada ya misa alilifungua, akaipangusa saksafoni kwa kitambaa, kipande kwa kipande, akairudisha. Hakutoa sauti hata moja.

Kusimulia alisimulia, lakini. Mchana alikaa uani akishona nyavu za watu, nami nilishika upande wa pili wa wavu ili nimsikilize. Alisema Dar es Salaam kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na mashabiki wake ambao hawakanyagi ukumbi wa wenzao. Alisema Jumapili mchana kulikuwa na dansi la watoto, soda na biskuti, na bendi ileile ya wakubwa ikipiga bila kudharau. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wa shirika, wanasaini asubuhi kama makarani, halafu wanafanya mazoezi hadi adhuhuri. Na kurekodi redioni, alisema, ilikuwa kama kuvuka mto na mzigo kichwani. Bendi nzima inaingia chumba kimoja, inapiga mara moja. Mtu mmoja akikosea dakika ya mwisho, wote wanaanza upya, na hakuna anayekutazama usoni.

Mimi niliyaelewa yote hayo kwa akili ya ziwani. Kwetu kulikuwa na mganda. Wanaume wanajipanga mstari, kaptula nyeupe, soksi ndefu, ngoma kubwa katikati, na kila mmoja ana kibuyu chake cha kupulizia. Kijiji kinashindana na kijiji. Kwa hiyo niliiona Dar es Salaam kama pwani yetu, ila ndefu zaidi: kila mtaa una mstari wake, kila mstari una kapteni wake, na anayeshindwa anatungiwa nyimbo za kumcheka hadi msimu ujao. Baba mdogo aliponisikia nikiieleza Dar es Salaam hivyo kwa bibi alicheka mpaka sindano ikamchoma.

"Hujakosea sana, mama," alisema. "Unajua mganda umetoka wapi? Ni askari wa zamani. Walisikia bendi za shaba za jeshi la wazungu, wakarudi nyumbani hawana tarumbeta, wakatazama shambani wakaona kibuyu. Mimi nimejifunzia kwenye kibuyu hichohicho. Mjini walinipa saksafoni, wakadhani wananifundisha."

Kapteni wa mganda wetu alikuwa Mzee Kastori, mtu mfupi mwenye kifua cha jogoo. Mimi nilikuwa na kazi kwenye kikosi chake, kazi niliyojivunia. Kibuyu cha mganda hakisemi chenyewe. Kimetobolewa tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando wa buibui, ule mweupe kama karatasi ya sigara, ambao buibui wa ukutani hufunikia mayai yake. Ukipuliza huku ukiimba, utando unatetema, na sauti yako inatoka kama ya tarumbeta. Bila utando una kibuyu cha maji tu. Mikono ya wanaume wale ilikuwa minene, ikiuchana kila mara. Vidole vyangu viliubandua ukutani mzimamzima, nikaubandika kwa utomvu bila kuukunja. "Kibuyu kikinyamaza," Mzee Kastori alikuwa akisema, "usikilaumu kibuyu. Tazama utando wake."

Halafu ikaja barua, mkononi mwa dereva wa lori. Baba mdogo aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Kiongozi wa zamani wa bendi yao alikuwa amepata studio. Kanda za nyimbo zao zilikuwa zimechakaa, nyingine hazisikiki kabisa, na alitaka zirekodiwe upya kabla hazijapotea. Alimwita aende na saksafoni yake.

Bibi alisema, "Nenda, mwanangu. Unakaa hapa kama mgeni anayesubiri mvua ikatike."

Alikaa siku mbili bila kujibu. Siku ya tatu akasema ataondoka na lori la Ijumaa hadi Mbamba Bay, kisha apande Mbinga akakamate basi. Bibi akaanza kukausha usipa wa safari.

Mimi niliingiwa na hofu ambayo hakuna mtu mzima aliyeiona. Tangu aje sijawahi kuisikia saksafoni ikisema, na sasa anaipeleka mbele ya watu. Nilikuwa nimeona kibuyu kikinyamaza katikati ya mashindano. Nilikuwa nimemwona mwenye kibuyu hicho, mtu mzima mwenye watoto, akizomewa njia nzima ya kurudi nyumbani. Nikaenda kwa Mzee Kastori.

"Babu, chombo cha shaba kisipotoa sauti kinakuwa na nini?"

Mzee Kastori hakuwahi kuishika saksafoni maishani mwake, lakini hakuwa mtu wa kukiri kutojua. Alifikiri, akakuna kidevu. "Kitu chochote cha kupuliza," akasema, "uhai wake ni utando."

Jumatano baba mdogo alikwenda kuaga ndugu upande wa pili wa mlima. Nikalivuta sanduku, nikalifungua. Ile harufu ikanipanda kichwani. Niliigeuza saksafoni polepole nikaona ugonjwa wake: matundu yote, makubwa na madogo, yalikuwa na vifuniko, na ndani ya kila kifuniko kuna kingozi cha kahawia, kikavu, kimekaa kama kizibo. Hakuna utando hata mmoja! Nilishangaa Dar es Salaam nzima ilikosaje mtu wa kuliona hilo.

Nilivibandua vingozi vile kimoja kimoja kwa kisu cha bibi cha kuparia samaki. Vingine vilitoka vizima, vingine vilikatika nikavikwangua. Tando nilikuwa nimekwisha kuzikusanya: za jikoni, za ghalani, na zile kubwa za nyuma ya kanisa, ambako buibui hawasumbuliwi na ufagio. Nilizibandika kila tundu. Ilinichukua hadi jua la saa kumi. Nilipomaliza, matundu yote yalikuwa meupe, na saksafoni ilionekana kama mti uliochanua. Sijawahi kufanya kazi nyingine yoyote kwa uangalifu ule, na nimefanya kazi nyingi.

Alhamisi alasiri wanaume wa mganda walikuja uani kumuaga, Mzee Kastori mbele.

"Meinradi," alisema, "hatukukushika. Lakini tupulizie japo kidogo. Tusije tukaambiwa tumelala na tembo nyumba moja na hatujauona mkonga wake."

Watu wakacheka, bibi pia. Baba mdogo aliweka chini wavu aliokuwa akishona. Halafu akaingia ndani, akatoka nalo sanduku. Nakumbuka alivyoivaa kamba shingoni bila kuitazama saksafoni, jinsi mtu anavyofunga kifungo cha shati. Akaulowesha mdomoni ulimi wa mwanzi wa saksafoni, akaufunga, akafumba macho, akapuliza.

Ilitoka hewa. Nyuma ya hewa, mtetemo mdogo, kama nyuki ndani ya kopo.

"Hiyo ndiyo Dar es Salaam?" mmoja akapaza sauti. "Hata beberu wa mama yako anakushinda, kaka!"

Uani pote wakaangua kicheko. Baba mdogo alifumbua macho, akaigeuza saksafoni. Akainua kifuniko kimoja kwa kidole. Akainua cha pili.

"Nani?" akauliza, kwa sauti ya chini.

Nilikuwa nimeisubiri hiyo nafasi. "Mimi, baba. Nimeitengeneza. Vile vingozi vilikuwa vimeziba matundu."

Kicheko kikapanda tena, ila Mzee Kastori alikuwa wa kwanza kunyamaza. Aliziona zile tando, akajua ni somo la nani. Bibi alikwisha kushika fimbo.

"Mama, usimguse," baba mdogo akasema. Aliinua saksafoni juu, jua likapita kwenye tundu kubwa la chini, na utando ukang'aa kama ngozi ya kitunguu. "Hizi zote umezitoa wapi?"

"Jikoni. Na nyuma ya kanisa."

"Umezibandika vizuri," alisema. Akaivua kamba, akaifungua saksafoni vipande vipande, akavilaza kila kimoja mahali pake, akafunga sanduku. Kisha akawaambia wale wanaume, kwa adabu, kama anayewaambia chakula kimechelewa: "Basi. Kesho siendi."

Ijumaa lori lilikuja. Utingo aligonga bodi akiita, "Meinradi! Panda, mjini hakusubiri mtu!" Baba mdogo alimpa bahasha, akamwomba aifikishe posta Mbamba Bay. Lori likaondoka, likaacha vumbi na usipa wa bibi ndani ya kikapu.

Hakuniadhibu, na hakulizungumzia tena jambo lile. Shuleni walinitungia jina, Fundi Buibui, na kila niliposimama kujibu swali kulikuwa na mtoto wa kuvuma kama nyuki. Hilo ningelivumilia. Ambacho sikukivumilia ni redio. Wimbo ule ulipopigwa, baba mdogo aliinuka na kwenda ufukweni. Kadiri miaka ilivyokwenda ulipigwa mara chache, ukiwa na mikwaruzo, hadi ukaacha kabisa kupigwa. Nikajumlisha mambo kwa hesabu zangu: kanda zilichakaa, alikuwa na nafasi moja ya kuirudisha pumzi yake duniani, na mimi nikaikwangua kwa kisu cha samaki.

Niliacha shule darasa la sita, nikapanda Mbinga kuchuma kahawa, na tangu hapo sijakaa mahali. Nimepika kwenye meli za ziwa, nimeuza mitumba Songea, nimeishi Tanga, Mwanza, Tunduma. Watu husema nina miguu ya kuwasha. Labda. Popote nilipofika niliulizia bendi za zamani, nikawatafuta wapigaji wake, nikawasikiliza. Nimezikanyaga kumbi za Dar es Salaam alizonisimulia. Moja sasa ni kanisa la makofi, nyingine ni ghala la vigae, na moja bado ina bendi Jumapili jioni, na wanaocheza ni watu wenye magoti kama yangu. Wapigaji wake ni wa Kigoma, wa Tanga, wa Songea. Sijampata hata mmoja aliyezaliwa mtaa ule. Muziki tuliokuwa tukiuita wa Dar es Salaam ulifika mjini ukiwa umebebwa, kama ndizi na mchele.

Ndivyo nilivyofika kwenye kile kibaraza cha Ilala. Fundi alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, akibandua vingozi kwenye vifuniko vya saksafoni kwa kisu chembamba. Alivibandua haraka, akivitupa ndani ya kopo.

"Unaiharibu!" nikasema, kabla sijajizuia.

Akacheka. "Hizi ni pedi, dada. Zinakauka, mende wanazila. Nabandua za zamani, naweka mpya."

"Kazi ya muda gani?"

"Hii? Kesho asubuhi mwenyewe anapuliza."

"Na zamani? Zamani ilikuwaje?"

"Zamani ndiyo rahisi zaidi. Bwana aliyenifundisha alikuwa na meza nyuma ya ukumbi, wapuliza ala wanapanga foleni kwake kama kwa kinyozi. Hakuna mpiga saksafoni asiyejua pedi."

Nilikaa kwenye benchi lake bila kukaribishwa. Hakuna mpiga saksafoni asiyejua pedi. Angepanda lori lile na saksafoni yake yenye tando za buibui, angefika Dar es Salaam, angecheka na wenzake, na siku ya pili angekuwa studio. Nikatoa simu. Baba mdogo sasa ni mzee, anaishi kwenye nyumba ileile, na simu yake huipokea akiwa amesimama karibu na mlango, ambako mtandao unapatikana.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mama. Uko mkoa gani leo?"

"Dar. Niko kwa fundi wa saksafoni."

Nilisikia mlango ukisukumwa.

"Anasema pedi ni kazi ya siku moja," nikasema. "Ulijua?"

Nilisikia kuku, na mtu mbali akiita mtoto. "Nilijua," alisema.

"Sasa kwa nini, baba? Kwa nini hukwenda?"

"Barua ile ilisema nikapulize sehemu zote tatu. Yangu, halafu warudishe mkanda nipulize ya tarumbeta ya kwanza kwa saksafoni hiyohiyo, halafu ya pili. Walikuwa na mashine mpya, mtu mmoja anaweza kuwa watatu." Alikohoa. "Wenzangu wale wawili nilikuwa nimewazika mwaka huohuo, mmoja baada ya mwingine. Unakumbuka ugonjwa wa miaka ile, ulivyokuwa ukiwachukua. Nilisema nitakwenda kwa sababu mama alitaka niende. Usiku nilikuwa silali. Ulipovibandua vingozi vile nilimshukuru Mungu, mama. Nilipata sababu ambayo hakuna mtu angeniuliza zaidi."

"Nikaibeba mimi."

"Ukaibeba wewe."

"Miaka yote hii. Ungeniambia, baba! Nilikuwa mtoto."

"Mwanzoni niliona aibu. Halafu ukawa huna kituo. Ningekuambia wapi, stendi?" Alitaka kucheka, hakuweza. "Nisamehe."

Nilikasirika, sitasema uongo. Nilimkasirikia yule mtu mzima aliyesimama uani akaacha mtoto wa miaka tisa aingie kwenye nafasi yake. Fundi alisogeza kisu chake pole pole, akajifanya hasikii. Halafu nikaiona ile picha, mtu mmoja mwembamba na wawili wasio na vichwa, na nikagundua kwamba siku zote zile za nyavu, kumbi zote, mitindo yote, soda na biskuti, hajawahi kuwataja wapigaji wenzake kwa jina.

"Waliitwa nani?" nikauliza.

Aliyataja polepole, moja baada ya jingine.

"Sudi alikuwa tarumbeta ya kwanza," alisema. "Wa Pangani. Ya pili alikuwa Benedikti, mtu wa Bukoba, mrefu, alikuwa anainama kwenye milango yote."

"Hukuwahi kuwataja."

"Ningewataja, mngeniuliza wako wapi."

"Basi mimi nakuuliza, baba. Wako wapi?"

Akavuta kiti. Nilikisikia kikiburutwa sakafuni hadi mlangoni, kisha akakaa, akaanza kunisimulia.